Tenki Jipya la Samaki: Usilipie Vifaranga Mapema

Vijana wenzangu wa Singida, sato wanaokufa siku za mwanzo kwenye tenki jipya mara nyingi hawana ugonjwa. Wanauawa na uchafu wao wenyewe.

Iko hivi: kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, sumu usiyoiona kwa macho. Bakteria wazuri huigeuza kuwa naitraiti, nayo bado ni sumu. Bakteria wengine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, yenye madhara madogo. Bakteria hao hukaa kwenye chujio na kuta. Tenki jipya halina, lazima uwakuze kwanza.

Fanya hivi:

1. Jaza maji. Kama ni ya bomba yenye klorini, yaache siku 1 hadi 2, pampu ya hewa ikiwaka.
2. Washa chujio, weka chakula kidogo cha samaki kila siku kioze.
3. Pima kila baada ya siku 3. Amonia itapanda, kisha naitraiti. Zote zikirudi sifuri, tenki liko tayari. Kawaida ni wiki 4 hadi 6. Baridi ya Juni na Julai huchelewesha.
4. Punguza maji, ongeza mapya, anza na vifaranga wachache.

Unatumia kisima? Pima na pH, maana ikiwa juu amonia inakuwa kali zaidi. Chujio usilioshe kwa maji ya bomba, klorini itaua bakteria. Tumia maji ya tenki.

Kusubiri mwezi kunauma, najua. Kununua vifaranga mara mbili kunauma zaidi.