Biskuti za Idi katika baridi ya Nyanda za Juu

Kwa miaka mitano ya mwanzo ya ndoa yangu, Idi ilinifikia Mbeya ndani ya kopo. Marehemu mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alioka nankatai na vileja nyumbani kwetu Tanga, akapanga kila aina katika kopo kubwa la maziwa ya unga, akakaza kifuniko kwa kitambaa, kisha akampa kondakta wa basi. Kopo lilifika Dar es Salaam, likahamishiwa basi jingine, likapanda mlima Kitonga, likapita Iringa na Makambako, nami nikalipokea siku ya pili au ya tatu. Nilipolifungua, nusu ya biskuti zilikuwa zimekwisha kuwa unga. Watoto waliula unga huo kwa kijiko. Mwaka mmoja mkubwa wao, akiwa na umri wa miaka minne, aliinua uso wake kutoka bakulini akaniuliza: "Mama, Idi inatoka Tanga?"

Swali lile lilinikaa. Mtoto yule alizaliwa Mbeya, aliswali Idi Mbeya akiwa mgongoni mwangu, na bado alidhani sikukuu yake ni kitu cha kuletwa na basi. Niliapa kwamba Idi ifuatayo biskuti zitaokwa jikoni mwetu.

Idi hiyo ilikuwa Idil-Adh-ha ya mwaka 1991, mwishoni mwa mwezi wa Juni. Ndugu msomaji anajua kwamba mwaka wetu wa hijria ni mfupi kuliko wa miladia kwa siku 10 au 11, na kwamba sikukuu zetu huzunguka misimu yote kwa muda wa miaka 33 hivi. Ndiyo maana Idil-Adh-ha ilirejea tena mwishoni mwa Juni mwaka 2023, na tangu hapo imekuwa ikirudi nyuma kuelekea Mei. Pwani jambo hili halimshughulishi mpishi. Huku kwetu Juni ni kipupwe kamili. Usiku wa Mbeya na Iringa hushuka chini ya nyuzi 10, na mafuta ya kupikia huganda ndani ya chupa. Mimi nilikuwa sijaoka biskuti katika baridi hata siku moja.

Mama alikuwa amenifundisha kwa kikombe: vikombe vitatu vya unga wa ngano, kimoja na nusu cha samli, kimoja cha sukari iliyosagwa. Nilichota samli iliyoganda kama jiwe, nikaishindilia kikombeni kwa kijiko, nikachanganya. Donge halikushikamana. Kila kinyunya nilichofinyanga kilipasuka, na zilizofika kwenye sinia zilitoka kavu kama matofali. Kwa hasira nikaiweka samli iliyobaki motoni mpaka ikachemka, nikaimimina ya moto juu ya unga. Safari hii donge lilikuwa laini mno, na biskuti zilipoingia motoni ziliyeyuka, zikatambaa, zikaungana kuwa chapati moja kubwa. Tulikula Idi ile kwa mandazi.

Aliyenitoa gizani ni jirani yetu, mama wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu. Kwao walifuga ng'ombe, naye alitengeneza samli tangu utoto wake. Hakuwa Mwislamu wala hakuwahi kuiona nankatai mpaka nilipompelekea sahani ya vile vipande vya aibu. Alivionja, akacheka, kisha akaniuliza nimeipimaje samli. Nilipomwonyesha alisema, "Mwanangu, mbona unaipima ikiwa imelala? Iamshe kwanza." Akaliweka kopo la samli karibu na mafiga, si juu yake, akalizungusha kila baada ya muda, mpaka samli ikawa laini kama mafuta ya mgando ya kujipaka. Kisha akanipa mwiko.

Katika neno lile moja mna elimu nzima ya biskuti hizi. Pwani samli haigandi. Hukaa kati ya uji na mafuta, nayo hujaza kikombe bila kuacha nafasi. Huku iliyoganda huacha mapengo ya hewa kikombeni, ukadhani umepima kikombe na kumbe umepima robo tatu. Dawa ya hilo ni mizani. Lakini ulaini wa samli una kazi nyingine kubwa zaidi. Samli iliyolainika, ikipigwa pamoja na sukari kwa mwiko au kwa mkono, hukamata hewa, ikageuka kutoka rangi ya manjano kuwa nyeupe. Hewa hiyo ndiyo inayoifanya biskuti iwe nyepesi. Iliyoganda haikamati hewa, na iliyoyeyuka huiachia. Ile ya katikati tu ndiyo inayofaa.

Basi kipimo changu, baada ya miaka mingi ya kusahihisha, ni hiki: nusu kilo ya unga wa ngano, gramu 300 za samli, gramu 200 za sukari iliyosagwa na kuchungwa, kijiko kidogo cha iliki iliyotwangwa siku hiyohiyo, na kungumanga ya kukwangua kidogo. Wengi huongeza bekingi pauda. Nawashauri wa Mbeya na Iringa wapunguze robo ya kile walichozoea pwani, kwa sababu huku juu, mita 1,600 hadi 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na huu umuaji hupanda kwa pupa kisha ukaporomoka. Ni sababu hiyohiyo inayofanya maji yetu yachemke kwa nyuzi 94 au 95 badala ya 100, na maharage yetu yachelewe kuiva.

Piga samli na sukari kwa robo saa bila kuona haya ya uchovu. Tia unga kidogo kidogo, na ukishaingia wote, acha kupiga. Kusanya tu kwa vidole. Donge la nankatai halikandwi kama la chapati. Ukilikanda, unga wa ngano huvutika, na biskuti badala ya kumumunyuka kinywani itakuwa ya kutafuna. Finyanga vinyunya vya ukubwa wa limau dogo, bonyeza kidogo katikati, na uache sinia mahali pa baridi kwa nusu saa. Kwa jambo hili Mbeya imetupa neema: wenzetu wa Tanga hutafuta jokofu, sisi tunaweka sinia dirishani.

Asili ya biskuti hii si Tanga. Ni chakula cha Surat, mji wa bandari huko Gujarati. "Nan" ni mkate kwa Kifarsi, na "khatai" wengi huihusisha na jina la kale la Uchina. Husimuliwa kwamba Waholanzi walipoondoka Surat walimwachia joko lao mwokaji wa Kiparsi, na kwamba mikate ya zama zile iliumuliwa kwa tembo la mnazi, ambalo baadaye liliachwa. Wafanyabiashara wa Kihindi waliivusha bahari hadi Unguja na mrima wetu, na maduka yao yaliufuata uchumi kwenda bara: Iringa, ambako Wajerumani walijenga boma baada ya kuianguka Kalenga mwaka 1894, kisha Mbeya, mji ulioanzishwa mwaka 1927 katika pilikapilika za dhahabu ya Lupa. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba nankatai ni ngeni Nyanda za Juu. Ilifika pamoja na miji yenyewe. Waskoti nao wana ndugu yake, biskuti ya siagi ya sehemu tatu za unga, mbili za siagi na moja ya sukari, na Waarabu wana ghuraiba. Ukitazama vipimo, ni jamaa wa karibu sana.

Kileja ni habari nyingine, na hapa naomba radhi kwa watu wa pwani. Kileja huokwa kwa unga wa mchele, na mchele ni wetu. Wa Kyela, wenye harufu ile inayotangulia sufuria kufunguliwa, na wa bonde la Usangu kule Mbarali. Mama yangu alinunua Tanga mchele ulioitwa wa Mbeya kwa bei ya juu, akausaga, akauoka, akanirudishia Mbeya kwa basi! Kwa nusu kilo ya unga wa mchele natumia gramu 250 za samli, gramu 250 za sukari, mayai mawili na iliki. Mchele uoshwe, uloweke saa chache, uchujwe na kuanikwa kitambaani mpaka ubaki na unyevu kidogo tu, kisha utwangwe au usagwe na kuchungwa mara mbili kwa chekecheke la macho madogo. Chenga zinazobaki zitakuumiza meno, basi zipikie uji. Unga huu hauna mvuto wa ngano, hivyo mayai ndiyo yanayoushikamanisha.

Kwa kuwa tumeutaja mchele, nikumbushe haraka: wakati wa Idil-Fitri, mchele wa zakaatul-fitri hutolewa kwanza, pishi kwa kila kichwa, kabla ya swala. Nimewahi kuona nyumba iliyomaliza mchele wa mwisho katika vileja ikawa inaazima pishi alfajiri.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniwia zito kuliko yote. Mwaka 1998 tulihamia Iringa, nami nikaanza kuoka kwa kuuza. Ada za shule za wanangu wawili zimetoka katika sinia zile. Takriban lita 20 za maziwa hutoa kilo moja tu ya siagi, na siagi hiyo, ikishachemshwa maji yake yakaisha, hubaki samli isiyofika kilo. Ndiyo maana samli safi haijawahi kuwa rahisi. Ramadhani moja bei ilipanda, na mimi tayari nilikuwa nimepokea fedha za watu. Nikachanganya nusu samli na nusu majarini, nikatia iliki maradufu, nikauza kwa jina lilelile na bei ileile.

Majarini si haramu, wala sina ugomvi nayo. Lakini ina maji ndani yake, nayo samli haina; biskuti yake hulegea baada ya siku tatu, na mafuta yake huacha utando kwenye kaakaa. Mteja wangu mmoja, bibi wa makamo kutoka Mlandege, alionja moja mbele yangu, akanitazama, akalipa, akaondoka. Mwaka uliofuata hakuja. Wanaoijua Sahihi ya Muslim wanaikumbuka hadithi ya Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni, vidole vyake vikagusa unyevu uliofichwa chini. Mimi nilikuwa nimeufunika unyevu wangu kwa iliki.

Nilimfuata yule bibi nyumbani kwake kabla ya Idi, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilijua. Nilikuwa nangoja useme." Sikuweza kuwakumbuka wateja wote, ila niliowakumbuka niliwarudishia tofauti ya bei. Tangu hapo naoka aina mbili, na kila pakiti imeandikwa kwa kalamu: ya samli, au ya majarini. Ya majarini ni nafuu, na wenye watoto wengi huinunua kwa furaha kwa sababu wanajua wanachonunua. Nanyi mnaonunua biskuti za madukani msione tabu kuuliza zimeokwa kwa mafuta gani. Katika miji yetu, ambako nyama ya nguruwe huuzwa wazi, kuna mafuta yake pia, na mwokaji mwungwana hataudhika akiulizwa.

Kuhusu moto, wengi wetu hatuna oveni, na si lazima. Sufuria kubwa zito, mchanga mkavu wa kina cha vidole viwili chini yake, sinia ndani, mfuniko wa bati juu na makaa juu ya mfuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, maana chini ndiko biskuti huungua usipoona. Pasha sufuria robo saa kabla, kisha nyunyiza unga kidogo kwenye sinia tupu. Ukigeuka kahawia papo hapo, ondoa makaa. Kwenye oveni nyuzi 160 zatosha. Baada ya dakika 20 hivi, biskuti itakuwa imepauka na bado laini ukiigusa. Itoe. Hapa ndipo wageni wa kazi hii hukosea: huingoja iwe ngumu motoni, na ugumu wake huja ikishapoa. Usiiguse wala kuihamisha mpaka sinia lipoe kabisa.

Sahani ya kwanza, mpaka leo, huenda kwa majirani, na yule mama wa Tukuyu, tulipokuwa Mbeya, hakukosa yake hata mwaka mmoja. Alikuwa akiirudisha sahani na maziwa.

Idi ya mwaka 1994 nililirudisha kopo Tanga. Nilipanga vileja vya mchele wa Kyela kwa kusimamisha, si kwa kulaza, nikaweka karatasi kati ya kila safu, nikajaza mianya yote kwa karatasi iliyokunjwa mpaka kopo likitikiswa halitoi sauti. Kisha nikampa kondakta. Jibu la mama lilikuja kwa barua baada ya majuma mawili, na baada ya salamu na dua liliandikwa hivi: vimevunjika vitatu tu, lakini iliki haitoshi.