Namna mashini inapima kile kiko ndani ya petroli



Kila mmoja wetu anajua taa ya petroli. Umeme ukikatika tunaiwasha na tunaendelea na masomo. Lakini ni wangapi wamekwisha kujiuliza: ndani ya yale mafuta kuna nini? Na wale wenye kuyanunua kwa meli nzima, wanajua namna gani kama yako mazuri ao mabaya? Juu ya ulizo hilo tunaandika leo.

JARIBU LA NYUMBANI

Washa taa, kisha weka kioo baridi juu ya moto kwa kitambo kidogo. Utaona matone madogo ya maji. Maji yale yametoka wapi? Petroli haina maji, lakini iko na idrojeni, na idrojeni ikiungua inakuwa maji. Sasa kusanya ile hewa ya moto ndani ya chupa, tia maji safi ya chokaa na utikise. Maji yatakuwa meupe kama maziwa. Hiyo ni gazi kaboniki, ni kusema kaboni ilikuwa ndani ya mafuta.

Basi mashini kubwa ya laboratwari inafanya jambo lile lile: inachoma na kupima moshi. Tofauti ni kwamba inapima kwa usahihi sana.

TANGU ZAMANI

Katika mwaka 1831 Mjerumani Justus von Liebig alitengeneza chombo cha kioo chenye vitumbo 5 vilivyojaa maji ya potasi. Alichoma kitu, gazi kaboniki ikanaswa mule, kisha akapima uzito umeongezeka kiasi gani. Kisha Fritz Pregl wa Austria akapata njia ya kufanya kazi hiyo kwa miligramu chache tu. Alipewa zawadi ya Nobel ya shimi mwaka 1923. Lakini mtu alipaswa kukaa pale saa nyingi, macho kwenye mizani. Leo mashini inafanya peke yake.

NAMNA INATUMIKA

1. Mtu anapima miligramu 2 hivi za mafuta ndani ya kakopo kadogo ka bati laini, na anakafunga nguvu. Anapanga vikopo vingi kwenye sinia ya duara. Kazi yake ya mikono inaishia pale.

2. Sinia inazunguka, kikopo kimoja kinaanguka ndani ya tanuru lenye moto wa digrii karibu 1000, wakati ule ule oksijeni safi inaingia. Bati linaungua kwa nguvu na kuzidisha moto. Hakuna kinachobaki bila kuungua.

3. Gazi ya heliumu inasukuma moshi wote kupita juu ya shaba ya moto. Ndiyo, shaba, ndugu zetu wa Katanga! Shaba inakamata oksijeni iliyozidi, na inageuza moshi wa azoti kuwa azoti safi.

4. Moshi unaingia katika mufereji mwembamba na murefu. Kila gazi iko na mwendo wake: azoti inatoka kwanza, kisha gazi kaboniki, kisha mvuke wa maji, na nyuma kabisa gazi ya sulfuri (kiberiti).

5. Kwenye mlango wa kutokea kuna uzi wa chuma wenye moto. Heliumu inaupoza vizuri, gazi zingine hazipozi sana. Kila gazi ikipita, moto wa uzi unabadilika, na ordinateri inaandika mulima mmoja kwenye karatasi. Mulima mukubwa, gazi nyingi.

Dakika karibu 10, kikopo kimoja kimekwisha, kingine kinaanguka.

HESABU

Tuseme miligramu 2 za mafuta zimetoa miligramu 6,23 za gazi kaboniki. Katika sehemu 44 za gazi hiyo, 12 ni kaboni. Basi 6,23 × 12/44 = 1,70. Gawanya kwa 2: kaboni ni 85%. Mafuta mabichi, kwa kawaida, yako na kaboni 83 mpaka 87%, na idrojeni 10 mpaka 14%. Yanayobaki ni kidogo: sulfuri, azoti, oksijeni, na vyuma kama vanadi na nikeli.

KWA NINI KUJISUMBUA?

Juu ya hicho kidogo! Sulfuri ikiungua inakuwa gazi yenye kuuma kifua, na ikikutana na maji inakuwa asidi yenye kula motere. Kwa sababu hiyo mafuta yenye sulfuri chini ya 0,5% yanaitwa matamu, na bei yake inapanda. Tangu tarehe 1 Januari 2020, meli za bahari hazina ruhusa kuchoma mafuta yenye kupita 0,50%, isipokuwa zile zenye chombo cha kusafisha moshi. Mbele ya hapo ilikuwa 3,50%. Inchi yetu nayo inachimba mafuta ndani ya bahari mbele ya Moanda tangu 1975. Mwenye kuuza bila kupima anauza macho yamefungwa.

MASHINI INAKOSEA WAPI?

Mashini inapima tu kile imepewa. Kikopo kikifungwa vibaya, mafuta mepesi yanaruka mbele ya kuanguka ndani ya moto, na nambari inakuwa ndogo. Chupa isipotikiswa, kile kizito kinabaki chini na hakipimwi. Karatasi itatoka safi, nambari zimepangwa vizuri, lakini ni uongo. Kwa hiyo mtu wa laboratwari anachoma kwanza kikopo kitupu, kisha kitu chenye kujulikana, kama asetanilidi yenye kaboni 71,09%. Mashini ikikosa nambari ile, hakuna kuendelea.

Ni hivyo hata kwetu katika laboratwari ya masomo: anayeandika jibu la jirani iko na nambari nzuri, lakini hakupima kitu.

MAULIZO YA KUFIKIRI

1. Miligramu 2 za mafuta zimetoa miligramu 2,34 za maji. Idrojeni ni asilimia ngapi?
2. Kwa nini oksijeni ya ndani ya mafuta haiwezi kupimwa kwa kuchoma na oksijeni?

Majibu mutaleta kwa mwalimu wa shimi.