Mgeni wa mwambao atakula nini leo?

Anayeendesha nyumba ya kulala wageni Lupingu au Manda, mwambao wa Ziwa Nyasa wilayani Ludewa, hupanga chakula kwa kutazama mwezi wa angani.

Usipa, yaani dagaa wa ziwa letu, huvuliwa usiku kwa taa. Kukiwa na giza, samaki hufuata mwanga na wavuvi huwazingira kwa nyavu. Mbalamwezi ikitanda ziwa zima, taa haiwavuti tena, na mitumbwi mingi hubaki ufukweni. Ndiyo maana mgeni wa siku za giza huamkia usipa wabichi waliochemshwa kwa nyanya, kitunguu na limau, na wa mwezi mpevu hupewa wakavu wa kuunga karanga. Bei ni ileile. Mgeni wa mjini hudhani amepunjwa!

Kazi kubwa ya jikoni, basi, ni akiba. Kiangazi jua hukausha haraka, ila upepo wa kusi ukichachamaa kati ya Mei na Agosti, hakuna anayethubutu kutoka. Boti nayo huchelewa, na wageni waliolipia usiku mmoja wanabaki wawili, wote wana njaa. Mvua zikianza, kuanzia Desemba hadi Aprili, usipa huloa kabla hawajakauka, huota ukungu, na mtaji umekwenda. Waanike juu ya kichanja, si mchangani, na uwe na turubai karibu. Kabla ya kuwafunga kwenye gunia, vunja mmoja: akipinda, bado ana maji. Mvua isipokatika, wabanike kwa moshi. Gunia liwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Kwa wanga, mwambao na mlima hutegemeana. Ziwa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na Milima ya Livingstone juu yake inapita mita 2,000. Huku chini muhogo na maembe hustawi. Viazi mviringo hupenda baridi ya juu. Mama lishe mzoefu hununua maharage baada ya mavuno, yakiwa bei rahisi, akayaweka kwa ajili ya siku za kusi. Maharage, kisamvu na ugali wa muhogo havingoji mtumbwi.

Kuna mbasa pia, samaki ambaye wageni humuulizia kwa jina. Huyu hupanda mito kutaga mayai, ukiwamo Ruhuhu unaoingia ziwani Manda. Nyavu zikiziba mdomo wa mto, wanaokamatwa ni wazazi wenye mayai. Kwa maoni yetu, mwenye nyumba ya wageni asiwanunue wakati huo hata wakiletwa mlangoni kwa bei ya kutupa, kwa sababu yeye ndiye atakayewatafuta mwakani.

Ukipanga safari, piga simu siku mbili kabla, useme mko wangapi. Mpishi akikuuliza mnafika tarehe ngapi, ujue anahesabu mwezi.