Majina ya Walugbara na Siri Zake

Mwezi wa Agosti 2005, mjini Helsinki, mwanamke wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji alikuwa Dorcus Inzikuru, mzaliwa wa Vurra karibu na mji wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Na jina lake lilipotangazwa mbele ya umati ule, wachache mno nje ya West Nile, eneo wanakoishi Walugbara, walitambua ya kuwa ndani yake mna malalamiko, kwani kwa Kilugbara jina hilo lanena kwamba heshima haipo.

Si kila taifa hutoa majina kwa namna hiyo. Wabaski, wakaao mpakani mwa Hispania na Ufaransa, aghalabu huchukua jina la ukoo kutoka kwenye nyumba: Etxeberria ni nyumba mpya, na mtu aweza kuitwa hivyo hata Buenos Aires, ijapokuwa wahenga wake waliihama nyumba yenyewe zamani za kale. Lakini Mlugbara, kwa desturi ya asili, hakurithi jina. Ndugu watatu wa tumbo moja waliweza kuwa na majina matatu yasiyofanana, kwa sababu kila jina lilitungwa kwa hali ya wakati ule mtoto alipozaliwa, na mara nyingi mtungaji alikuwa mama, yaani mke aliyetoka ukoo mwingine, asiye na kauli kubwa barazani kwa wazee wa mumewe. Basi yale aliyoshindwa kuyanena alimpachika mwanawe, na mume, mawifi na majirani wakalazimika kuyatamka kila walipomwita mtoto. Sijui mahakama iliyo bora kuliko hiyo kwa mtu mnyonge.

Mtoto aliyezaliwa katika dhiki huitwa Candia, na akiwa wa kike huitwa Candiru, kwa kuwa kiishio -ru ni alama ya uke. Abiria hutaja njaa, na majina mengi yaanzayo kwa Dra- hutaja mauti, kama Draru. Lakini furaha nayo haikusahauliwa, ndiyo maana yuko Ayikoru. Mtaalamu Mwingereza John Middleton, aliyeishi na Walugbara takriban mwaka 1950, aliyachunguza majina haya, na padri Dalfovo akaandika mwaka 1982 juu ya uhusiano wake na dini. Na hapo msomaji wa Kiswahili atastaajabu, maana neno letu Mungu lilipanda hadi Arua, likashika mahali pa Adroa, jina la asili la Mungu kwa Walugbara, katika sala za Wakristo, na leo yuko Mungufeni, aliyetolewa na Mungu.

Walugbara walipita milioni moja katika sensa ya Uganda ya 2002, nao wengine wako Aru, upande wa Kongo, ng'ambo ya mpaka ambao Wazungu waliupitisha katikati yao. Lakini mwenye kuwahesabu akina Candia wa pande zote mbili hatapata nasaba moja, bali atapata akina mama wengi walioteseka kila mmoja mahali pake.

Siku hizi, kwa ajili ya shule na pasipoti, wazazi wengi huwaandikisha watoto kwa jina la baba, hata Candia wa leo aweza kuwa amezaliwa katika neema tele, na dhiki iliyoandikwa katika cheti chake ikawa ni ya bibi yake mzaa baba.