Je, Wajua? Paralimpiki ilianzia hospitalini

Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, askari wa zamani 16, wanaume 14 na wanawake 2, walishindana kulenga shabaha kwa upinde na mshale wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Ilikuwa katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Mwandalizi alikuwa daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyewakimbia Wanazi wa Ujerumani. Enzi hizo wengi waliovunjika uti wa mgongo waliachwa kitandani wangojee kufa. Guttmann alikataa katakata.

Mwaka 1952 Waholanzi walijiunga, mashindano yakawa ya kimataifa. Mwaka 1960, wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23 walikutana Roma kwa Paralimpiki ya kwanza, michezo ya kimataifa ya watu wenye ulemavu.

Viziwi walitangulia: michezo yao ya kimataifa ilianza Paris mwaka 1924.

Katika Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, Mkenya asiyeona, Henry Wanyoike, alitwaa dhahabu ya mita 5,000 huku akimkokota hadi mwisho mwelekezi wake aliyeishiwa nguvu. Mwanariadha wa namna hiyo anastahili shangwe, wala hahitaji kuonewa huruma.