Akina Mama na Ruzuku: Barua ya Kilio Haifiki Mbali

Msomaji mpenzi, yumkini nawe umepata kuiona barua ya namna hii, au hata kuiandika kwa mkono wako mwenyewe: "Sisi ni kikundi cha akina mama maskini. Tuna shida nyingi. Tunaomba msaada wowote mtakaoweza kutupatia." Chini yake zimepangwa saini kumi na mbili, na pembeni umegongwa mhuri wa serikali ya mtaa kwa wino wa zambarau. Barua kama hiyo niliisoma barazani kwa jirani zangu, katika mtaa mmoja wa wilaya ya Temeke, Dar es Salaam. Majibu yake yalikuwa yamekwisha fika: mistari miwili yenye adabu nyingi, na senti hata moja hamna.

Akina mama hao ni mafundi wa cherehani. Walikuwa wameliona jambo ambalo kila mzazi mwenye binti analijua, ingawa wengi wetu tunaona haya kulitaja mbele ya watu: kwamba wapo wasichana katika shule ya msingi iliyo jirani nao wanaokosa masomo kila mwezi kwa sababu nyumbani hakuna fedha ya taulo za kike. Wakakusudia kushona taulo za kitambaa, zile za kufua na kuanika, na kuwagawia bure. Ufundi walikuwa nao, na moyo pia. Walichokosa ni fedha ya kitambaa na cherehani mbili za nyongeza.

Wala shida hiyo si ya mtaa mmoja. Mwaka 2018 Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika taulo za kike, kwa matumaini kwamba bei itashuka. Mwaka uliofuata, 2019, kodi ikarudishwa, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba bei madukani haikuwa imeshuka na mnunuzi hakuiona nafuu iliyokusudiwa. Nanyi akina baba mnaosoma ukurasa huu msiupitishe haraka mkidhani hayo ni mambo ya wake zenu. Ada ya kukosa shule hulipwa na nyumba nzima.

Sasa, kabla ya kuendelea, hapana budi tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Liko lile fungu la halmashauri, yaani asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambalo sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka ligawanywe asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 kutokana na kasoro za usimamizi, ukarejeshwa mwaka 2024. Fedha hiyo haina riba, lakini ni mkopo. Yule anayefuga kuku au kuuza vitenge aweza kukopa, kwa maana biashara yake yazaa. Lakini anayegawa taulo bure kwa watoto wa shule ataulipa mkopo kwa kitu gani? Huyo yampasa atafute ruzuku, ambayo hairudishwi.

Hairudishwi, lakini isidhaniwe kuwa ni sadaka. Sadaka hutolewa mkono wa kulia bila wa kushoto kujua. Ruzuku ni mkataba: mfadhili anatoa fedha ili jambo fulani litendeke kwa watu fulani katika muda fulani, nawe unaahidi kumwonyesha kwamba limetendeka. Hapo ndipo ile barua ya barazani iliposhindwa. Ilieleza shida ya walioiandika, haikueleza kazi watakayoifanya. Neno "wowote" ndilo lililoiua kabisa. Mfadhili anayeombwa msaada wowote hajui aombwe nini.

Je, hao wafadhili ni akina nani? Wapo walio karibu kuliko tunavyodhani. Hapa nchini kuna Mfuko wa Wanawake Tanzania, ambao kazi yake hasa ni kuvipatia ruzuku vikundi na mashirika ya wanawake. Huko Accra, Ghana, liko shirika la AWDF, lililoanzishwa mwaka 2000 na wanawake watatu wa Kiafrika, yaani Joana Foster wa Ghana, Bisi Adeleye-Fayemi wa Nigeria na Hilda Tadria wa Uganda, ili Waafrika wenyewe wawe na mfuko wa kuwainua wanawake wao. Uholanzi kuna Mama Cash, iliyoanzishwa na wanawake watano mjini Amsterdam mwaka 1983. Nao Umoja wa Mataifa una mfuko wa kupambana na ukatili dhidi ya wanawake, ulioanza mwaka 1996, ambao hutangaza nafasi za kuomba kwa vipindi maalumu. Kila mmoja wa hao ana mipaka yake. Mwingine hushughulikia ukatili tu, mwingine hutaka kikundi kiongozwe na wanawake wenyewe, na wengi wao hawampi fedha mtu binafsi hata awe na shida ya kutoa machozi. Kumwandikia mfadhili pasipo kusoma masharti yake ni sawa na kupanda basi la Mbagala huku unakwenda Tegeta.

Lazima pia tuseme kweli kwamba fungu hilo ni jembamba. Mwaka 2011 chama cha kimataifa cha AWID kiliyahoji mashirika ya wanawake katika nchi nyingi duniani, ikaonekana kwamba nusu ya yale yaliyotoa hesabu zao hayakuzidi dola 20,000 za mapato kwa mwaka mzima wa 2010. Tangu hapo mambo hayakuwa mepesi. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai mwaka huo shirika lake la USAID likafungwa. Waliokuwa wakitegemea fedha hizo wakaingia katika foleni ileile waliyomo akina mama wetu wa Temeke, wakiwa na wahasibu, magari na maandiko ya kurasa arobaini. Hivyo mwenye kuomba leo asiende na maneno matupu.

Jirani zangu walipoamua kuandika upya, nilishiriki jioni kadhaa, nao wakanivumilia. Jambo la kwanza halikuwa kalamu. Wawili kati yao walikwenda kwa mwalimu mkuu, wakajitambulisha kwa barua ya mtendaji wa kata, wakaomba wahesabiwe kutoka katika daftari la mahudhurio ni siku ngapi wasichana wa darasa la sita na la saba walikosa katika muhula uliopita. Majina hawakuyataka, idadi tu. Mwalimu wa kike akawaeleza pia kwamba choo cha wasichana hakikuwa na maji wala mlango unaofungika. Waliporudi walikuwa wamenyamaza kidogo, maana waliona kwamba taulo peke yake haitatosha. Binti atabadilishia wapi?

Andiko likabadilika kuanzia hapo. Likawa na mwanzo unaoeleza shule, idadi ya wasichana na siku zilizopotea. Kisha likaja kusudio, kwamba katika miezi kumi na miwili kila msichana wa madarasa hayo awe na taulo za kutosha, na choo kiwe na mlango na pipa la maji. Kisha njia ya kutenda, mwezi kwa mwezi. Na mwisho jinsi ya kupima, yaani kulirudia daftari lilelile la mahudhurio mwaka utakapokwisha. Angalia, msomaji, kwamba hakuna elimu ya chuo iliyohitajika hapo. Ni hesabu za darasani na kusema unachokijua.

Bajeti ndiyo iliyotukalisha hadi usiku. Ile ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja: "Vifaa, shilingi 3,000,000." Sasa tukaivunja: majora ya kitambaa cha pamba mangapi, na kila jora bei gani kwa duka la Kariakoo, nyuzi, vifungo, sabuni, cherehani mbili, fundi wa mlango, nauli za kupeleka mizigo, umeme. Ukisema taulo moja yatumia kitambaa kiasi fulani, na kila msichana apate sita, basi mwenye kusoma aweza kuzidisha mwenyewe akapata jumla uliyoiandika. Asipoipata, ameshakuweka kando. Tukaandika pia mchango wa kikundi: cherehani walizonazo, chumba cha kazi, na siku za kazi zisizolipwa. Mmoja wao aliona aibu kuandika kazi ya mikono yake kama fedha. Mwenyekiti akamwuliza, "Mwenzangu, ukimshonea mteja si unamtoza?" Ikaandikwa.

Mzozo mkubwa, hata hivyo, ulikuwa juu ya akaunti. Fedha za kikundi zilikuwa katika simu ya mtunza hazina, mama mwaminifu ambaye hakuna aliyemshuku. Kumwambia kwamba sasa ifunguliwe akaunti ya benki yenye watia saini watatu, na kwamba kila stakabadhi itaonyeshwa kikaoni, kulionekana kama kumtuhumu wizi. Aliondoka barazani bila kuaga. Siku ya tatu alirudi mwenyewe, akasema mumewe alikuwa amekwisha kuzikopa mara moja zile fedha za simuni na kuzirudisha, naye hakutaka kulala tena na wasiwasi huo. Nimeyaona maandiko mazuri yakianguka kwa jambo hilohilo moja. Mfadhili akiuliza kumbukumbu za vikao na taarifa ya benki, watu wanaanza kutafutana.

Kuhusu usajili nitasema kwa ufupi. Shirika lisilo la kiserikali husajiliwa kwa Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, na laweza kusajiliwa kwa ngazi ya wilaya, mkoa, taifa au kimataifa. Kikundi kidogo cha kijamii hutambuliwa na halmashauri, na mlango wake ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yenu. Mwendeeni huyo mapema, si wiki ya mwisho. Kama mfadhili anataka usajili ambao hamna, yawezekana kuomba chini ya mwavuli wa shirika lililosajiliwa, lakini mkubaliane kwa maandishi nani atashika fedha na atakata kiasi gani, kwa maana wengine mwavuli wao huvuja upande wa wenye kuazima.

Na wapo vishoka. Huyu atawaambia anamjua mtu ndani ya shirika, atawadai "ada ya fomu" au asilimia kumi ya kitakachopatikana. Mfadhili wa kweli hauzi fomu. Mwenye kuwadai fedha ili mpewe fedha, msindikizeni hadi barabarani.

Lugha nayo ni kikwazo, tena cha kuudhi. Ule mfuko wa Umoja wa Mataifa nilioutaja hupokea maombi kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania. Kiswahili, lugha ya mamilioni ya watu, hakimo. Ushauri wangu ni kwamba andiko liandikwe kwanza kwa Kiswahili, lisomwe kikaoni, kila mwanachama alielewe na alipinge pale anapoona uongo, ndipo litafutiwe mwalimu au kijana wa kulifasiri. Vikundi vinavyoanza kwa Kiingereza cha mtu mmoja huishia kuwa na mradi wa mtu mmoja.

Kijana aliyewafasiria hawa, msomi mwenye nia njema, alipendekeza mambo mawili. Kwanza, andiko litaje mabadiliko ya tabianchi, kwa kuwa siku hizo wafadhili walilipenda neno hilo. Pili, ziambatanishwe picha za wasichana wenyewe, tena ikiwezekana wakiwa wanalia. La kwanza lilikataliwa kwa kicheko. La pili mwenyekiti hakulicheka. Alisema mtoto wa mtu hawezi kupigwa picha kwa sababu ya damu yake ikapelekwa Ulaya, na kama ruzuku inapatikana kwa njia hiyo basi wao wataendelea na vipande vya vitambaa vinavyobaki kwa wateja. Wakapeleka picha ya mlango wa choo.

Andiko lilipelekwa siku mbili kabla ya mwisho. Ilipita miezi minne bila neno. Wawili wakajitoa kikundini wakisema wamechoka kuota mchana. Halafu akaja mgeni, dada mmoja kutoka katika mfuko waliouomba, akaketi barazani palepale. Hakuuliza juu ya umaskini wa mtu. Aliomba daftari la vikao, kisha akaomba stakabadhi za miezi sita.

Mtunza hazina aliingia ndani akatoka na kopo la biskuti. Kila karatasi ilikuwamo, zimefungwa kwa uzi mwezi kwa mwezi. Mgeni akazipitia, akasimama penye mwezi wa tatu. Palikuwa na pengo la shilingi 1,500.

"Hiyo ni bodaboda," akajibiwa. "Hakutupa risiti, nasi hatukuandika ya uongo."

Walipata nusu ya walichoomba. Cherehani ikanunuliwa moja badala ya mbili, choo kikapata mlango na pipa lake la maji, na wasichana wa darasa la saba wakagawiwa kwanza. Wale wa darasa la sita wamewekwa katika andiko la pili, ambalo nilipopita hapo Jumapili iliyopita lilikuwa limefika kwenye bei ya vifungo.