UZI: Ukiahidiwa uwanja wa kisasa, uliza nini?

1/ Kila msimu wa kampeni lazima tuonyeshwe picha ya uwanja mpya. Upande mmoja unashangilia, mwingine unauliza tu "ni bilioni ngapi?" Swali zuri, lakini halitoshi. Tuangalie ukumbi wa mbio za baiskeli uliojengwa London kwa Olimpiki ya 2012.

2/ Ulikamilika Februari 2011, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya michezo. Una viti 6,000 na njia ya mbao ya mita 250. Haukuwa bei rahisi: ulipita pauni milioni 80.

3/ Pesa ilienda wapi? Anza na paa. Badala ya vyuma vizito, walitandaza nyaya za chuma kama wavu. Paa likiwa jepesi, chuma na msingi wa kulibeba vinapungua. Umbo lake pia linabonyea katikati, kwa hivyo hewa ya kupasha joto ndani ni kidogo.

4/ Mchana, mwanga wa jua unaingia kupitia paani. Hewa inapita kwenye matundu ya ukutani. Maji ya mvua yanavunwa. Hayo yote ni bili ya stima na maji inayopungua kila mwezi, miaka na miaka.

5/ Lakini tusinakili tu. London inapambana na baridi. Sisi shida yetu ni jua kali, stima ghali na mifereji kukauka. Uwanja unaojali mazingira ni ule unaojibu hali ya hapa, si ule uliopakwa rangi ya kijani.

6/ Na baada ya michezo? Huo wa London ulifunguliwa kwa umma 2014. Hata anayeanza leo analipa na kuendesha. Linganisha na Montreal: ukumbi wa baiskeli wa Olimpiki ya 1976 uligeuzwa makao ya wanyama na mimea mwaka 1992.

7/ Kwa hivyo akisimama jukwaani, muulize:
– Bili ya kila mwezi ni ngapi, na nani analipa?
– Nani atausimamia fainali zikiisha?
– Mtoto wa mtaa huo ataingia kwa shilingi ngapi?

8/ Kuuliza si uhasama. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Akisema "hayo tutayaona baadaye," basi jua bado hakuna mpango, kuna picha tu.